Haivuti

Fundi Nampoto husema, "Kabureta inavuta petroli,"
na mimi, mwaka wa pili na spana namba kumi,
sikuwahi kumbishia.

Leo Landrova ya Bi Akwinombe imezimika mlimani,
magunia kumi na moja ya korosho mgongoni,
ikaingia gereji yetu hapa Newala
kwa nguvu za vijana sita na matusi mengi.

Nimeifungua kabureta juu ya gazeti la juzi.
Bakuli, na petroli iliyotulia.
Boya linapanda na sindano yake, linaziba mlango;
linashuka, linafungua:
bawabu asiyelala wala kudai mshahara.
Halafu koo.
Hapa ndipo penye maneno.

Hewa huingia kwa upana, haina haraka,
kama watu watokao mnadani.
Ikifika penye wembamba, sharti ikimbie,
na mbio hizo huzilipia kwa mgandamizo wake:
kadiri inavyokimbia ndivyo inavyolegea.

Ndipo hewa ya nje, hii hii
inayokalia bati, bega langu, kikombe cha fundi,
huiegemea petroli bakulini,
nayo petroli hupanda tundu la jeti,
tundu la kupita unywele,
ikatoka ukungu.

"Haivuti, fundi. Inasukumwa."
"Wewe na chuo chako cha Mtwara!"

Nikachukua soda yake, imejaa mpaka shingoni,
nikaziba mdomo wa chupa kuzunguka mrija
kwa sabuni ya mche.
"Haya, vuta."
Akavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakamtoka,
soda ikapanda nusu kidole, ikagoma.
Nikatoboa sabuni kwa msumari.
Ikampalia.

Nyumbani wanasema Dar ilimvuta kaka Mchopa.
Nilikuwepo mwaka ule bei ilipoanguka,
korosho zikaota ukungu ghalani,
baba akahesabu sahani mara mbili.
Dar haikumwita mtu.

Nimepuliza jeti kwa mdomo, ladha ya petroli mpaka magharibi.
Imetema punje ya mchanga mwekundu.
Injini ikakohoa, ikashika, magunia yakatetemeka.

Bi Akwinombe akataka kuuona ugonjwa.
Nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole.
"Hii?" akasema. "Elfu ishirini, kwa hii?"