Mshiriki Namba Kumi na Nane

Walitwambia tuvue kila chenye chuma.
Nikavua hereni, pini za nywele, mkufu wa marehemu mama,
hata sidiria, maana ina vikulabu.
Zawia, msaidizi wa utafiti, akauliza kutoka kwenye karatasi:
Una risasi mwilini? Una jino la kubandika?
Umewahi kumpiga mtu kwa kifaa chochote?
Yote kwa sauti moja, kama anahesabu mayai.

Kaka yangu Mhonda aliletwa kutoka Maweni saa tatu,
na askari wawili, na pingu.
Pingu haziingii chumba kile.
Sumaku, alisema Zawia, itazivuta pamoja na mikono yake.
Askari wakatazamana.
Mwaka wa tisa huu hajaonekana nje ya lango bila chuma.
Mwishowe mkubwa wao akatoka, akarudi na kamba ya katani,
akamfunga viganja kwa fundo la kufungia mbuzi.
Nami niliyekaa kwenye benchi la Bombo, gauni wazi mgongoni,
nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka:
mama alipiga brashi katani Ngomeni miaka ishirini na mitatu.
Huenda kamba ile ilipita mkononi mwake.
Huenda bado anamshika.

Ndani ya tundu waliagiza asitikisike.
Yeye ambaye siku ile, pale mpakani mwa shamba,
hakuweza kutulia hata kwa muda wa kumeza mate,
alitulia dakika arobaini,
mashine ikigonga kama korona inayotafuna majani,
wakimwonyesha nyuso: aliyekasirika, aliyenuna, asiye na lolote.
Bonyeza ukiona hasira.
Alibonyeza, wanasema, hata kwa asiye na lolote.

Nikaingia baada yake. Mimi ni kundi la kulinganisha:
damu moja, ziwa moja, bakora moja ya baba,
ila mikono yangu haijaua.
Walitaka kujua tuliachana wapi.

Daktari Semkiwa alinionyesha, kwa sababu nilimganda.
Ubongo wa mtu, kumbe, ni uwanja wa kuanikia.
Nyuzi, nyuzi, zimelazwa kwenye waya, nyekundu, kijani, buluu,
na chini yake kokwa kama ya kungu, moja kila upande.
Hapa, alisema, hofu na hasira hupiga hodi.
Uzi huu unaopanda hadi kwenye paji ndio breki.
Kwa wengine ni mwembamba.
"Na huyu ni nani? Kumi na saba au kumi na nane?"
Akatazama pembe ya kioo. Akatazama tena.
Hilo siruhusiwi, akasema,
na picha moja haisemi kitu, dada. Husema mia, kwa wastani.

Mimi binti wa mpiga brashi, nyuzi nazijua.
Najua jani lililoota kwenye mawe hutoa uzi mfupi
na hakuna anayelishitaki jani.
Najua pia kwamba mfupi kwa mfupi, ukisokotwa, hufunga mbuzi.
Usiku ule nikajipapasa paji la uso gizani.
Nikaukumbuka mwiko niliomvunjia mwanangu Kijoka mgongoni
kwa kumwaga uji.
Kwenye karatasi ya Zawia niliandika: Hapana.

Jumapili nikamkuta Mama Sekibaha bombani.
Huwa hatusemeshani. Yeye hugeuza ndoo, mimi hugeuza uso.
Leo akauliza: Wameona nini kichwani mwa kaka yako?
Nikasema: Nyuzi.
Akafunga bomba. Ndoo ilikuwa haijajaa.
"Za mwanangu," akasema, "niliziona bila mashine."

Akajitwika nusu ndoo, akaenda.
Bomba likawa linadondoka.
Sikukinga.