Kifungu cha Ishirini na Tano

Saa mbili usiku, Kolkata. Feni moja, wanafunzi arobaini,
na Profesa Lahiri anauliza kampuni ni nani.
Si nini, anasisitiza. Nani.
Tunaandika: ni mtu asiye na kitovu,
hakunyonya, hana siku ya kuchomwa,
anamiliki, anadai, anashtakiwa,
na wenye hisa wakifa wote katika ajali moja ya treni
kesho yake ataamka mzima, akidaiwa kodi.

Wenzangu wanacheka.
Mimi niko karakanani,
nina miaka tisa, herufi za risasi zimejaa visandukuni,
baba anapanga kadi ya harusi kinyumenyume
na ami Haradhan, mbia wake, anaimba vibaya.

Hawakuandikiana.
Walikunywa chai, wakavunja vikombe vya udongo kando ya mtaro,
ikawa biashara.
*Nusu kwa nusu.* Mkataba mzima ni huo:
maneno matatu, na moja limerudiwa.

Daftari lilikuwepo, tena la jalada jekundu.
Mali ikapotea na habari zake zote.

Ami alikopa karatasi, marobota sitini,
akasaini kwa jina la wote wawili,
kisha akapanda basi la Siliguri.
Mkono wa mbia ukisaini
umesaini na wako, ungali usingizini.
Mwenye karatasi akaja na dalali.
Ikaenda mashine. Zikaenda bangili za mama,
moja iligoma kutoka, ikapakwa sabuni.

Miaka kumi na minne nimemwita baba mjinga,
kimoyomoyo, nikimmiminia wali.

Leo nimefika kifungu cha ishirini na tano:
*kwa pamoja, na kila mmoja peke yake.*
Basi ni hivyo tu. Mstari mmoja na nusu.
Nimeupigia msitari kwa penseli, penseli ikavunjika.

Swali la mtihani: A na B ni wabia. B amekopa.
A hana jina, A hana wino kwenye kucha.
Nimejibu kurasa nne, nikapata nane kwa kumi.
Profesa kaandika pembeni, kwa kalamu ya kijani:
*Umesahau. A anaweza kumdai B fungu lake.*

Nikaenda nayo nyumbani kama hati ya mahakama.
Baba, ulikuwa na haki ya kumdai!
Alikuwa anamenya vitunguu saumu.
"Najua. Anwani yake ninayo."
Sasa mbona hukumdai? Ubia umevunjika zamani!

Akapuliza maganda kiganjani.
"Umevunjwa na nani?
Mimi sijatoa notisi. Naye hajatoa."

Nikafungua kifungu cha arobaini na tatu,
nikakisoma nimesimama,
nikakisoma tena nimekaa.

Mzee ana hoja.