Chupa Mbili

Saa tisa na dakika kumi usiku, Valdivia.
Mvua haijaliachia bati tangu Jumatatu
na taa ya chumba cha dawa inakonyeza
kama mtu mwenye siri.
Wagonjwa kumi na wanane, wauguzi wawili,
na Rayén amesukuma kitanda kwenda eksirei,
kwa hiyo nimebaki mmoja
na kengele ya kitanda cha nne, na kengele ya cha saba,
na mzee Eleuterio wa kumi na moja, fundi wa akodiani,
anayesubiri mrija wake usafishwe.

Nilivuta droo.
Chupa mbili, kimo kimoja, kifuniko kilekile cha buluu,
maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Moja maji ya chumvi.
Moja potasiamu, inayousimamisha moyo
kabla mtu hajamaliza kusema "aa."
Nikapima, nikatoa hewa kwenye sindano.
Hayo mikono inayajua yenyewe;
akili ilikuwa kitanda cha saba.

Sindano ilikwisha kugusa mrija
mzee aliponiuliza: "Dada Ximena, hiyo ni ya nini?"
Swali tu, la mtu mwenye usingizi mwepesi.
Nikatoa chupa mfukoni nimsomee.
Nikaisoma.
Nikaisoma tena.

Sijui nilimwambia nini. Najua nilikaa
juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakicheza,
nikamkumbuka Maruja.

Maruja, miaka sita nyuma, chumba hikihiki:
nukta moja iliruka mahali pake.
Kikao cha dakika ishirini, barua,
kisha boksi la vitu vyake: kikombe,
soksi za zamu, picha ya mtoto asiye na meno.
Tukaambiwa tatizo limeondoka.
Aliyeondoka ni Maruja.
Nasi tuliobaki tulipata somo,
wala si somo la umakini:
tulijifunza kufuta, kukunja, kumeza,
kusema "usiku ulikuwa shwari" tukikabidhi zamu.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Hawakusema hospitali nayo huugua.

Fomu ina mstari mmoja: Jina la mhusika.
Niliandika langu, Ximena Huenchual,
nikaona ni kweli, na ni nusu.
Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma:
taa, wiki ya tatu sasa.
Droo.
Aliyechagua buluu mara mbili, huko kiwandani, mchana, akiwa ameshiba.
Kumi na wanane kwa wawili.
Na kwamba ajali haina kinga ni maneno ya watu
ambao hawajawahi kununua balbu.

Saa moja asubuhi Doña Hortensia aliisoma
bado amevaa koti, maji yakimtiririka kwenye viatu.
Alisoma mbele, akasoma nyuma.
Nilikuwa nimeshaanza kulifikiria boksi langu.
"Mimi pia," akasema. "Mwaka wa tisini na nane.
Sikuandika."
Halafu akaing'oa droo nzima, akaibeba kifuani
kama mtu anayemtoa paka ndani,
akazifungia chupa za potasiamu kwenye kabati la ofisi yake,
ufunguo shingoni.
Taa bado inakonyeza. Fundi ni Alhamisi, labda.

Nilirudi kitanda cha kumi na moja nikamweleza mzee,
yote, pamoja na neno *ungekufa*.
Vidole vyake vilitembea juu ya blanketi
wakitafuta, nadhani, kitufe kilichokwama.
Kisha: "Kwa hiyo niendelee kuuliza?"
Uliza, nikasema. Uliza hata nikikunja uso.
Hasa nikikunja uso.

Akaitazama trei yangu.
"Na hiyo?"
Nikaipeleka chupa dirishani, kwenye mwanga kidogo uliokuwapo,
nikamsomea herufi kwa herufi.