Kifundo

Mwalimu Buyanzi ameleta karatasi,
chini yake mstari mtupu: sahihi ya mzazi.
Nimeibana kwa mkasi isipeperuke,
upepo wa Kibuye haumuulizi mtu mali ni ya nani.

Leo Ijumaa. Mashindano kesho, saa nne.
Nguo kumi na moja, kijani na nyeupe,
zinaning'inia juu ya cherehani yangu.
Nimezishona kwa deni, hata pesa ya zipu sijaiona.
Na mwenye nguo ya kumi na moja
amekalia debe, mguu ndani ya karai
la barafu niliyomwomba muuza samaki.
Mwanangu ananuka mbuta hadi gotini.

"Hakiumi," asema Ajwang'.
Nakibonyeza kifundo. Kweli, uso hausemi kitu.
Ila kidole gumba cha mguu ule mwingine
kimejikunja kama kiwavi aliyeguswa.

Kule Rasha walimpiga picha, mfupa ni mzima.
Kano ndizo zimevutika, akasema kijana wa koti jeupe,
"Wiki tatu. Au mbili. Mama, utaona mwenyewe."
Nitaona mwenyewe!
Ningekuwa naona, ningepanga foleni tangu alfajiri?

Akatuachia kipimo:
asimame kwa mguu huohuo, afumbe macho,
ahesabu hadi thelathini.
Jumanne alifika tisa.
Jana, kumi na saba.
Leo asubuhi amefika thelathini,
lakini kwa mwendo gani! ishirininambiliishirininatatu,
kama mtoto anayekimbiza sala uji usipoe.
Nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano.
Sindano ilinikosa mara nne.

Baba yake kapiga simu kutoka Naivasha:
"Mfunge bandeji, apande. Mimi nilicheza fainali
na kidole kimevunjika."
Ndiyo, na kidole hicho mpaka leo
ndicho kinachomtabiria mvua.

Lakini nami nilimwona, muhula uliopita.
Huyu ambaye nikimtuma unga hurudi bila chenji,
anayejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa,
nilimwona juu ya viganja vya wenzake
amenyooka, kidevu kimeinuka, mikono miwili hewani,
kama aliyefika mahali alipokuwa amesahau kitu.
Uwanja mzima ulipiga kelele. Mimi sikuweza.
Sasa niseme shuka? Kwa ulimi upi?

Halafu mkono wangu unagusa nguo zile nyingine.
Nimewapima wote, nawajua kwa inchi.
Khavere, bega la kushoto limeshuka kidogo.
Jebiwott, mitulinga myembamba kama hanga ya waya.
Hawa ndio watakaosimama chini yake.
Kifundo kikiteleza huko juu
hakitaanguka peke yake.
Hilo sikumwambia. Niliinua tu nguo ya Khavere
nikaitazama begani, nikairudisha.

Kimya.
Barafu inagongana kwenye karai.

"Mama," asema, macho yake kwenye maji,
"Nasambu ana ngapi kiunoni?"
"Ishirini na tatu."
"Basi yangu itampwaya."

Sikuuliza. Kuna maswali
ambayo ukiyauliza, mtu anapata nafasi ya kubadili jibu.
Akautoa mguu, akaukausha kwa leso yangu,
akarukaruka kwa mmoja hadi mezani,
akajaza pini mdomoni
ili asiweze kusema zaidi.

Nikafumua mishono ya ubavuni.
Nikapunguza, huku inchi moja, huku nusu.
Cherehani sijaigusa. Nimepiga bandi tu,
nyuzi ndefu ndefu, za kuachia kwa mvuto mmoja,
maana usiku bado mrefu na yeye ana miaka kumi na minne.

Karatasi ingali chini ya mkasi.
Muuza samaki anaita, anataka karai lake.
Ajwang' ananipa pini, moja, kisha moja,
na kooni mwake nasikia anahesabu.
Polepole, safari hii.