Jumatatu Tu

Liepaja, saa nne usiku. Theluji imeziba dirisha la jikoni.
Mama Austra amekishika kidonge cha njano
kwa vidole vilivyopindwa na baridi yabisi. Ananingoja mimi.

Mashine nimeiuliza. Imejibu kabla sijameza mate:
methotreksati, kidonge kimoja kila siku, baada ya chakula.
Sarufi safi, nukta mahali pake, adabu ya karani wa benki.

"Basi nipe maji."

Subiri, Mama.

Nakikunjua kikaratasi cha ndani ya boksi,
mikunjo minane, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nachukua kioo cha kukuzia cha marehemu baba,
alichokagulia stempu zake,
nashuka mstari kwa mstari hadi kwenye kisanduku cheusi:
mara moja kwa wiki.
Kwa wiki.
Na chini yake, bila adabu yoyote:
ukinywa kila siku, inaweza kukuua.

Nikairudia mashine. "Samahani, uko sahihi," ikasema,
upesi uleule, bila jasho.
Radhi ni nyepesi kinywani mwa asiyewahi
kuchimba kaburi katika ardhi iliyoganda.

"Na hiyo karatasi," Mama anauliza, "kaiandika nani?"
Watu, nikamwambia. Watu walioogopa.

Kidonge nimekirudisha chupani.
Juu ya kifuniko, kwa wino mzito: JUMATATU.
Leo Alhamisi.

Maji ameyanywa hivyo hivyo,
yote, akinitazama.