Bakuli Jekundu

Tromsø, Desemba. Jua liliaga mwezi jana;
saa nne asubuhi, taa ya jikoni ndiyo mchana.
Torgeir kakaa sakafuni, mabakuli matatu mbele yake,
na kapu la soksi zilizopotezana tangu kiangazi.

"Nyekundu huku, Ylva. Bakuli jekundu."
Ylva, miaka miwili kasoro wiki,
akaza midomo, atupa.
Imeingia!
Kijani kwa kijani. Baba apiga makofi,
paka atoka mbio.

Kisha aokota ya kijivu,
nzito, ya sufu, kisigino kina kiraka,
aitia kwenye nyekundu.
"Si hapo, kipenzi." Baba aitoa.
Airudisha.
Na ya manjano. Na ya zambarau, isiyo na mwenzake.

Torgeir afungua kinywa amsahihishe,
atazama tena bakulini:
zote za Ingunn, hata ile nyekundu ya kwanza,
Ingunn aliye melini mpaka Februari.

"Hii rangi gani?" auliza, polepole.
Ylva aibandika sufu shavuni.
"Mama."

Baba avua soksi yake,
aidondosha humo humo.
Ylva aichomoa, amrudishia:
"Baba. Vaa."