Shoka la Nala

Nilimkuta Ndahani amechuchumaa
kando ya barabara ya Singida, pale Nala,
akigeuza springi ya lori ndani ya makaa ya mkambala.
Rimu ya baiskeli ndiyo feni yake,
na mota ni mpwawe, Mhembano, mwenye kamasi na bidii.
"Mbukwa," nikasema.
Akanijibu kwa kidevu; mikono ilikuwa kazini.

Nataka shoka dogo, nikamwambia,
la kuning'inia mkandani,
la mtu anayelala hemani wiki tatu:
lichanje kuni za chai, lichongoe vigingi,
na kisogo chake nikipigilie vigingi hivyo.
"Mashoka yangu hayana kisogo.
Vigingi pigilia kwa jiwe.
Mawe Dodoma hayajaisha."

Lori lile, alisema, lilianguka Manyoni na vitunguu.
Vitunguu vikaliwa na kijiji,
springi zikaja kwake.

Chuma kilipofika rangi ya papai bivu
akakitoa, akapiga.
Hakupiga kwa hasira kama wageni wa nyundo;
alipiga kama mtu anayesonga ugali wa uwele:
anageuza, anakandamiza,
anasubiri,
anageuza.
Akalizamisha kwenye kopo la oili chafu.
Likalia kidogo, likanyamaza.
Akalirudisha kando ya moto, mbali na ndimi,
hadi ukingo ukawa na rangi ya mabua ya mtama
baada ya mavuno.
"Likibaki gumu hivihivi linamegeka kama sahani."

Mpini ulikuwa wa mkole, na kirungu kichwani,
pale tawi linapozaliwa na shina.
Mkia wa shoka, mwekundu,
ukapenya kirunguni kwa moshi mtamu.
Hakutia kabari, wala msumari, wala gundi.
"Kila ukipiga, linajikaza lenyewe.
Ukilichomoa ukaligeuza hivi, basi una tezo."
Elfu kumi na nane.
Nilitoa ishirini; alizunguka maduka matatu
kunitafutia chenji.

Hakuniuliza kazi yangu.
Nami sikumwambia.

Usiku kumi nililala na shoka hilo chini ya mto.
Fisi walipita, wakacheka ya kwao.
Alfajiri lilipasua mgunga mkavu,
sufuria ikachemka kabla upepo haujaamka na vumbi lake.
Nililipenda, kusema kweli,
kuliko darubini ya ofisi niliyotia sahihi kuichukua.

Siku ya kumi na moja darubini ikatazama mashariki
na katikati ya mstari wa barabara mpya
nikaona kichaka cha mkole
nyuma ya kibanda chenye moshi.
Mashina yalikuwa na makovu ya zamani:
kila tawi lililokatwa, matatu yameachwa.
Nikapiga hesabu mara mbili.
Mara ya tatu nilijua najidanganya.

"Nilete panga?" Chilewa akauliza,
kibarua wangu, mnyororo begani.
Nikasema hapana,
nikachomoa shoka mkandani.

Lilikata vizuri.
Hilo ndilo lililoniumiza.
Kila pigo, kama alivyosema, lilijikaza zaidi,
na hadi saa nne kichaka kilikuwa kimelala
na anga ilikuwa nyeupe mle ilimokuwa kijani.

Nilimbebea matawi saba yenye vifundo,
yamefungwa kwa kamba ya hema.
Hakuyapokea mara moja.
Akagusa mkato kwa kidole gumba
kisicho na ukucha,
akaenda nao taratibu, akarudi nao.
Aliyajua makali yake.

"Yaweke kivulini," akamwambia Mhembano,
"yakauke miezi mitatu, usiyalaze juani."
Kisha akaniuliza, bila kuinua uso,
kigingi cha zege kitakaa wapi hasa,
hapa, au pale kwenye makaa,
maana fuawe ni nzito
na wa kumsaidia kuibeba
ni huyu mtoto tu.